Mwani haufi njaa kabla ya mimea: kusimamia virutubisho katika tangi la samaki lenye mimea

Mtu ambaye tangi lake limevamiwa na mwani huambiwa kwanza kwamba maji yake yana virutubisho vingi, avipunguze. Mimi niliufuata ushauri huo kwa miezi mitatu. Niliweka kwenye chujio dawa ya kunyonya fosfati, kimojawapo cha virutubisho hivyo, nikaacha mbolea kabisa, nikawapunguzia samaki chakula. Fosfati ilishuka hadi kipimo kikawa hakionyeshi rangi yoyote. Hapo ndipo majani ya Anubias yalipojaa madoa ya kijani, ya mviringo, kila doa na ukubwa wa kichwa cha pini. Nilikwangua moja kwa ukucha, ukucha ukateleza juu yake. Niliporudisha fosfati hadi miligramu 1 kwa lita, majani yaliyochipua katika wiki zilizofuata yalitoka safi, yanang'aa. Yale ya zamani hayakupona, ilibidi niyakate.

Tangu wakati huo nimelishika jambo moja: ukitaka kuudhibiti mwani, lisha mimea. Mwani ni kiumbe kidogo, aina nyingine zina seli moja tu, na fosfati inayoutosha ni kidogo mno hata vipimo vya rangi tunavyotumia nyumbani haviwezi kuiona. Ukiyanyima maji virutubisho, mimea mikubwa ndiyo inayotangulia kuumia. Majani yake ya chini yanalegea, yanaanza kuoza na kuvujisha uozo wake majini, na mwani unajishikiza papo hapo.

Justus von Liebig, mkemia wa Kijerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeeneza kanuni kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kile kilicho haba kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Nitrati na potasiamu zikiwa za kutosha lakini hewa ukaa imepungua, mmea unasimama na nitrati inabaki majini bila mlaji. Kazi yetu basi ni kuhakikisha hakuna kirutubisho kinachokwisha, na kuuacha mwanga peke yake uamue kasi ya ukuaji. Hatua zinazofuata nimezipanga kwa mpangilio huo, na ningekuomba usiziruke kwenda kwenye mbolea moja kwa moja.

Hatua ya 1: Utambue mwani uliokuvamia

Neno "mwani" linabeba viumbe vingi visivyo na undugu wa karibu, na kila kimoja kina habari yake kuhusu tangi.

Vumbi la kahawia linalofutika kwa kidole ni dayatomu. Hutokea katika wiki za mwanzo za tangi jipya, hujijengea ganda kwa silika iliyomo majini, na kwa kawaida hutoweka tangi likikomaa. Lifute tu, usilitafutie dawa.

Madoa magumu ya kijani kwenye kioo na kwenye majani ya mimea inayokua polepole ni ishara ya fosfati haba, au hewa ukaa isiyotosha chini ya mwanga mkali. Nyuzi ndefu za kijani zinazoshikana kama nywele huja pale mwanga unapoizidi nguvu mimea. Maji yakigeuka kijani kama supu ya mboga, hizo ni seli zinazoelea, na mara nyingi chanzo ni amonia (sumu inayotoka kwenye vitu vinavyooza) iliyopanda ghafla au jua linalopiga kioo.

Ndevu nyeusi, yaani vishungi vifupi vigumu kwenye kingo za majani na kwenye mdomo wa chujio, ni wa jamii ya mwani mwekundu, pamoja na ule wa kijivu wenye matawi kama pembe za swala. Ukitaka kuhakikisha, chovya kipande kwenye spiriti: ukijani wake utayeyuka na wekundu utajitokeza. Jamii hii hupenda tangi ambalo hewa ukaa yake inapanda na kushuka na ambalo uchafu umelundikana.

Utando laini wa kijani-buluu unaofunika mchanga na kubanduka kama ngozi, wenye harufu kali ya udongo, hauko katika kundi la mwani kabisa. Ni sayanobakteria, yaani bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga. Huo hupatikana sana kwenye matangi ambayo nitrati imeshuka karibu na sifuri, mahali maji yasipozunguka. Nikiuona kwangu, kitu cha kwanza ninachopima ni nitrati.

Hatua ya 2: Punguza mwanga kabla ya kingine chochote

Mwanga ndio unaokanyaga mafuta. Ukiuongeza, mimea inadai hewa ukaa zaidi, na ikipata hewa ukaa inadai nitrati, fosfati, potasiamu na chuma zaidi. Kimoja kisipofika kwa wakati, mnyororo wote unakatika na mwani unapokea mwanga uliobaki. Matangi mengi niliyoombwa kuyaangalia hayakuwa na shida ya virutubisho. Yalikuwa na taa kali iliyowashwa saa kumi na mbili kwa siku.

Anza na saa 6 kwa siku, kwa mfululizo, ukitumia swichi yenye saa ili usitegemee kumbukumbu. Taa yako ya LED ikiwa na kitufe cha kupunguza nguvu, iweke nusu. Kama haina, inyanyue sentimita 15 hadi 20 juu ya maji, au acha mimea inayoelea ifunike sehemu ya uso wa maji. Tangi likikaa wiki tatu au nne bila mwani mpya, ongeza nusu saa. Saa 8 zinatosha karibu kila tangi. Jua la dirishani halina swichi, kwa hiyo hamisha tangi au ziba upande huo wa kioo.

Wakati huohuo hesabu mimea yako. Tangi lenye vichaka vitatu kwenye mchanga mtupu haliwezi kushindana na mwani hata ulilishe vipi. Mwanzoni panda kwa wingi mpaka sehemu kubwa ya sakafu ifunikwe, na nyingi kati ya hizo ziwe za kukua haraka: Hygrophila, Limnophila, Ceratophyllum, Egeria. Salvinia na Pistia zinazoelea hula amonia kwa pupa, na kwa kuwa majani yake yako hewani hazihangaiki kutafuta hewa ukaa majini. Ukizipunguza, zianike zikauke kabisa kabla ya kuzitupa. Mimea hii ikifika kwenye mto au ziwa inaweza kufunika maji kama gugumaji linavyofanya, na maji ya nje hayana wa kuyapogolea.

Hatua ya 3: Hewa ukaa isiyobadilikabadilika

Maji yasiyoongezewa hewa ukaa huwa nayo kidogo tu, takriban miligramu 2 hadi 5 kwa lita. Kiasi hicho kinaitosha mimea mingi chini ya mwanga mdogo. Ikiwa hutumii mtungi wa gesi hiyo, basi mwanga wako uwe mdogo, na ubaki hivyo.

Ukitumia mtungi, lenga miligramu 30 kwa lita. Chombo cha kukujulisha ni kichupa cha kioo kinachoning'inia ndani ya tangi, kikiwa na maji maalumu yenye ugumu wa kaboneti wa digrii 4 na matone ya rangi ya bromothimoli. Kikiwa buluu, gesi haitoshi. Kijani cha majani mabichi maana yake umefika. Njano ni hatari kwa samaki. Kumbuka kwamba kichupa hiki kinachelewa saa moja hadi mbili, kwa hiyo rangi unayoiona sasa ni habari ya muda uliopita. Fungulia gesi saa moja au mbili kabla ya taa kuwaka, ili mimea ianze siku ikiwa na chakula, na uifunge saa moja kabla ya taa kuzima. Na usipandishe kwa pupa: ongeza kidogo, kisha kaa uwaangalie samaki. Wakipanda juu kuhema, punguza mara moja na utikise uso wa maji.

Mtiririko nao uangalie. Majani ya kila kona yanapaswa kuchezacheza polepole. Kona ambayo majani yametulia tuli ndiyo ambayo ndevu nyeusi zitaota kwanza.

Hatua ya 4: Pima, na kwanza ukipime kipimo chenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi hulisha tangi kwa kufuata namba zisizo za kweli.

Vipimo vya matone vya nitrati vina chupa moja yenye unga unaotuama chini. Usipoitikisa kwa nguvu kwa nusu dakika au zaidi, matone hayabebi unga wa kutosha na jibu linatoka dogo kuliko hali halisi. Nimewahi kupata miligramu 5 asubuhi na 40 jioni, maji yaleyale, kwa sababu tu ya mkono uliochoka kutikisa.

Jambo la pili: baadhi ya vipimo husoma nitrati nzima, na vingine husoma nitrojeni iliyo ndani ya nitrati. Namba ya nitrojeni lazima uizidishe kwa 4.43 ili upate nitrati. Kwa fosfati, kinachosomwa kama fosforasi kizidishe kwa takriban 3.07. Soma karatasi iliyokuja na kipimo chako ujue ni ipi.

Jambo la tatu ni kujitengenezea maji ya kulinganishia. Pima gramu 1.63 za nitrati ya potasiamu, yeyusha katika maji yasiyo na madini, kisha jaza mpaka ifike lita 1 kamili. Maji hayo yana miligramu 1000 za nitrati kwa lita. Vuta mililita 10 kwa bomba la sindano, uziongeze maji yasiyo na madini mpaka zifike mililita 500: sasa una maji yenye miligramu 20 kamili. Yapime kwa kipimo chako. Rangi itakayotoka ndiyo "20" yako, hata kama karatasi ya rangi inasema 10 au 40. Piga picha chini ya mwanga uleule utakaoutumia siku zote. Kazi hii inachukua nusu saa na inakuondolea miezi ya kubahatisha.

Namba ninazolenga mimi, kabla ya kubadilisha maji, ni hizi: nitrati miligramu 10 hadi 20 kwa lita, fosfati 0.5 hadi 2, potasiamu 10 hadi 20, chuma karibu 0.1. Amonia na nitriti (hatua ya kati amonia inapogeuka kuwa nitrati) ziwe sifuri siku zote. Utakutana na watu wanaohangaika na uwiano kati ya nitrati na fosfati. Uwiano wanaoutaja hutokana na Alfred Redfield, mwanasayansi wa bahari aliyechunguza viumbe vidogo vinavyoelea baharini: atomi 16 za nitrojeni kwa kila 1 ya fosforasi. Ni kazi nzuri ya kisayansi kuhusu bahari. Katika tangi, kirutubisho kilichozidi kidogo hakiwadhuru mimea, ila kilichokwisha huwasimamisha, kwa hiyo mimi siupi uwiano huo usingizi wangu.

Hatua ya 5: Hesabu kinachoingia bila wewe kukusudia

Kabla ya kununua chumvi yoyote, pima maji ya bomba. Kuna maeneo ambayo maji ya bomba yanakuja na nitrati miligramu 20 au zaidi, na hapo mbolea ya nitrati haina kazi. Utakachohitaji ni potasiamu na vile virutubisho vidogovidogo.

Kisha chakula cha samaki. Protini ina nitrojeni takriban asilimia 16. Gramu 1 ya chakula chenye protini asilimia 45 inabeba basi miligramu 72 za nitrojeni, na kama zote zingeishia kuwa nitrati zingekuwa miligramu 319. Katika lita 100 hiyo ni kama miligramu 3 kwa lita. Sehemu fulani hubaki katika mwili wa samaki, lakini tayari umeona: tangi lenye samaki wengi wanaolishwa vizuri linajitosheleza kwa nitrati, na tangi lenye samaki kumi wadogo na msitu wa mimea litaishiwa kabla ya wiki kwisha. Hii ndiyo sababu kipimo cha mbolea cha jirani hakikufai wewe.

Njiani kuelekea nitrati, nitrojeni hiyo hupitia amonia, na amonia ndiyo kirutubisho pekee ambacho ninakubali kipunguzwe kwa kila njia. Huwaua samaki, na ikipanda hata kidogo chini ya mwanga mkali, mwani hutokea. Bakteria wa kuigeuza huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Udongo maalumu wa mimea uliosheheni virutubisho nao huachia amonia wiki za mwanzo, kwa hiyo katika kipindi hicho badilisha nusu ya maji kila baada ya siku moja au mbili, na samaki wasubiri. Katika tangi lililokomaa, amonia hutokana na jani linalooza, konokono aliyekufa nyuma ya jiwe, chakula kilichobaki, au chujio lililooshwa kupita kiasi. Sifongo za chujio zikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi, usizioshe kwa maji ya bomba yenye klorini.

Hatua ya 6: Jaza pengo

Unaweza kutumia mbolea ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, na kwa tangi dogo ni rahisi zaidi. Ila ukinunua chumvi kavu unaelewa unachotia. Utahitaji nitrati ya potasiamu, fosfati ya potasiamu ile yenye potasiamu moja, mchanganyiko wa virutubisho vidogo wenye chuma, na mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Nitrati ya potasiamu huchochea moto, kwa hiyo ikae mbali na jiko na mbali na watoto. Mbolea ya bustani yenye urea au amoniamu usiitumie: utakuwa unatia ile amonia tuliyokuwa tunaikimbia.

Hesabu ni moja tu. Zidisha lita za tangi kwa miligramu unazotaka kuongeza, kisha gawanya kwa sehemu ya kirutubisho iliyo katika chumvi. Nitrati ni 0.613 ya uzito wa nitrati ya potasiamu, na fosfati ni 0.698 ya fosfati ya potasiamu. Kwa tangi lenye lita 100 za maji, kupandisha nitrati kwa 10: lita 100 mara 10 ni miligramu 1000, gawanya kwa 0.613, unapata gramu 1.63. Kupandisha fosfati kwa 1: 100 gawanya kwa 0.698, ni gramu 0.14. Lita hizo ni za maji halisi. Tangi linalouzwa kama la lita 100 likiwekwa mchanga na mawe huenda likabaki na 80. Hesabu ndoo unapolijaza, utajua.

Kwa kuwa gramu 0.14 ni shida kupima kila siku, tengeneza chupa mbili.

Chupa ya kwanza: gramu 41 za nitrati ya potasiamu na gramu 3.6 za fosfati ya potasiamu, jaza maji yasiyo na madini mpaka mililita 500. Wakati wa kuyeyusha utaisikia chupa inapoa mkononi. Ndivyo nitrati ya potasiamu ilivyo, hunyonya joto. Kila mililita 10 za chupa hii katika lita 100 huongeza nitrati 5, fosfati 0.5 na potasiamu 3.4 hivi.

Chupa ya pili: virutubisho vidogo, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Usivichanganye na chupa ya kwanza, kwa sababu chuma na fosfati zikikutana zikiwa nzito hushikana na kuwa unga ambao mimea haiwezi kuula. Chuma huuzwa kikiwa kimefungwa kwa kemikali ya kukihifadhi. Kile cha EDTA huanza kuachia pH inapoanza kupita 6.5, na kile cha DTPA huvumilia hadi karibu 7.5. Kama maji yako ni magumu na majani machanga yanabaki meupe ingawa unatia chuma, angalia hapo kwanza. Ukifuga kamba wadogo, usizidishe mchanganyiko huu, kwani una shaba, ambayo ni sumu kwao.

Tangi lenye mwanga wa wastani na mimea mingi: mililita 10 za chupa ya kwanza kwa kila lita 100, mara tatu kwa wiki, na chupa ya pili siku zinazofuata, mara tatu vilevile. Tangi la mwanga mdogo lisilo na gesi: mara moja kwa wiki kila moja. Tangi lenye samaki wengi: acha chupa ya kwanza mpaka kipimo kiseme nitrati imeshuka chini ya 10.

Hatua ya 7: Badilisha nusu ya maji kila wiki

Hii ndiyo inayokupa ruhusa ya kutopima kila siku. Tom Barr, Mmarekani aliyeueneza mtindo wa kutia virutubisho vya kutosha kisha kubadilisha nusu ya maji kila wiki, aliujenga juu ya hesabu nyepesi. Tuseme unatia nitrati 15 kwa wiki na mimea haili hata chembe. Wiki ya kwanza unafika 15, unabadilisha nusu, zinabaki 7.5. Wiki ya pili 22.5, ya tatu 26 na kidogo, na inaendelea kukaribia 30 bila kuipita. Haiwezi kamwe kuzidi mara mbili ya unachotia kwa wiki. Ukiongeza kinachotoka kwenye chakula na kwenye bomba, unajua dari yako iko wapi, na mimea ikila, utakuwa chini ya hapo.

Unapotoa maji, nyonya uchafu juu ya mchanga na chini ya vichaka. Maji mapya yawe na joto linalokaribiana na la tangi, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Tia mbolea baada ya kubadilisha.

Hatua ya 8: Soma majani

Vipimo vinakuambia kilichomo majini, majani yanakuambia kilichoingia mwilini. Angalia kwanza kama shida iko kwenye majani ya zamani au machanga. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu huweza kuhamishwa na mmea kutoka jani kuukuu kwenda chipukizi, kwa hiyo upungufu wake huonekana chini. Chuma na kalsiamu hazihamishiki, upungufu wake huonekana juu.

Jani la chini lote likigeuka njano, ni nitrojeni. Likiwa na vitundu vidogo vyenye ukingo wa njano au kahawia, ni potasiamu; kwenye Hygrophila na Microsorum utaviona mapema, kama jani lililochomwa sindano. Chipukizi jeupe lenye mishipa ya kijani ni chuma. Chipukizi lililojikunja na kusinyaa huenda ni kalsiamu, lakini mara nyingi ni hewa ukaa inayoyumba. Jani lililokwisha haribika halirudi, kwa hiyo hukumu dawa yako kwa majani mapya tu.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha subiri wiki mbili hadi tatu. Mimi naandika kwenye daftari: tarehe, nilichotia, saa za taa, nilichokiona kwenye jani la tatu kutoka juu. Bila daftari, mwezi ukipita hutajua kilichosaidia.

Hatua ya 9: Uondoe mwani uliokwisha ota

Kulisha vizuri huzuia mwani mpya, lakini ule uliopo hautajiondokea. Nyuzi zizungushe kwa mswaki wa zamani uzivute. Madoa ya kwenye kioo yakwangue kwa wembe. Jani lililofunikwa zaidi ya nusu likate, mmea utachipua lingine. Ndevu nyeusi kwenye mawe na mbao zitoe nje ya tangi uzisugue.

Utando wa sayanobakteria unyonye wote kwa mpira, badilisha nusu ya maji, kisha funika tangi kwa blanketi siku tatu, giza totoro, gesi imefungwa na hewa ya pampu ikipulizwa. Ukifunua, badilisha nusu ya maji tena na upandishe nitrati hadi 10 siku hiyohiyo, la sivyo utarudi. Maji ya kijani nayo hushindwa na giza la namna hii, au na taa ya urujuanimno iliyofungwa kwenye njia ya chujio.

Kamba wa Amano, konokono wa Neritina na samaki wa Otocinclus ni wasaidizi wazuri wa usafi wa kila siku katika tangi lililokomaa. Lakini kila mmoja ana hamu yake, na ndevu nyeusi karibu wote huzipita.

Ukisafiri

Tangi likiwa limetulia, wiki mbili bila wewe si hatari. Siku ya kuondoka badilisha nusu ya maji na utie kipimo kimoja cha kawaida cha kila chupa. Usirundike vipimo vya wiki mbili kwa mkupuo. Punguza taa hadi saa 5, maana mwanga mdogo hupunguza njaa ya mimea. Kama kuna mtu wa kulisha samaki, mwachie vifurushi vidogo vilivyopimwa tayari, kimoja kwa kila siku ya tatu, na kopo la chakula ulifiche. Samaki wakubwa wenye afya huvumilia hivyo. Ukirudi, ondoa majani yaliyooza, badilisha nusu ya maji, pima nitrati, halafu ndipo urudi kwenye ratiba ya chupa zako. Saa za taa zirudishe nusu saa kwa wiki.